Jina la Kariakoo na hesabu ya wafu

Juma hili nataka tuzungumze juu ya neno moja ambalo kila mkazi wa Dar es Salaam hulitamka bila kulifikiria. Neno hilo ni Kariakoo. Sisi tunaokaa huku Bunju, mpakani kabisa mwa mkoa, hulisikia kila siku likipigiwa kelele na makonda. Mfanyabiashara akiishiwa mali hukimbilia Kariakoo. Mama akitaka vitenge kwa bei nafuu huenda Kariakoo. Hata hivyo, ukiwauliza watu kumi maana ya jina hilo, pengine wanane watakwambia kuwa ni jina la soko tu, basi.

Jina hilo si la soko. Limetokana na maneno ya Kiingereza "Carrier Corps", yaani Kikosi cha Wapagazi. Hawa ni Waafrika waliobeba mizigo ya jeshi la Waingereza katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia. Waliwekwa kambini mahali pale, na wenyeji wakalitamka jina la kikosi kwa ulimi wao: Kariakoo. Wenzetu wa Nairobi nao wana mtaa wao unaoitwa Kariokor, na asili yake ni hiyo hiyo. Kwa hiyo kila tunapolitaja jina hilo tunawataja watu ambao wengi wao walikufa, na hawakuuawa kwa risasi. Waliuawa na maradhi ya kuambukiza.

Ili tuelewane vizuri, hatuna budi kurudi nyuma kidogo. Mwishoni mwa karne ya 19 Dar es Salaam ilikuwa mji mdogo, makao makuu ya serikali ya Wajerumani. Hata kufikia Vita Kuu ya Kwanza, watu wake hawakuzidi sana 20,000. Waafrika walijenga nyumba za miti na udongo zilizoezekwa makuti, wakachimba visima vifupi. Pembeni mwa mji palikuwa na bonde la Msimbazi na vidimbwi vyake. Kwa mbu, hiyo ilikuwa neema.

Mwaka 1897 mambo mawili yalitokea. Kule India, daktari Mwingereza Ronald Ross alikuta vimelea vya malaria ndani ya mwili wa mbu. Mwaka huo huo, Mjerumani Robert Koch, bingwa aliyegundua vijidudu vya kifua kikuu, alifika hapa Dar es Salaam kuchunguza malaria na magonjwa mengine. Baadaye Wajerumani walianza kuutumia mpango wa Koch katika mji huu huu. Mpango wenyewe ulikuwa rahisi kuueleza. Watu wapimwe damu nyumba kwa nyumba. Atakayekutwa na vimelea, hata kama haumwi, apewe kwinini mpaka vimelea viishe. Mbu akikosa mtu mwenye vimelea hatakuwa na cha kumpelekea jirani, na ugonjwa utakatika.

Ni wazo la akili, na hata leo wataalamu wanalitumia kwa namna mbalimbali. Lakini lilikuwa na tatizo moja kubwa. Dar es Salaam ilikuwa bandari. Kila siku watu wapya waliingia kwa majahazi, kwa meli na kwa misafara kutoka bara. Leo umemtibu mtu, kesho amehama na mwingine amekuja na vimelea vyake. Kwinini nayo ilikuwa chungu, na aliyejiona mzima hakuona sababu ya kuimeza siku nyingi. Maji yalizidi unga.

Ilipoonekana kuwa dawa pekee haitoshi, fikra za watawala zilielekea kwingine. Walikwishajua kuwa watoto wengi wa Kiafrika huwa na vimelea bila kuumwa sana, kwa kuwa miili yao imezoea. Badala ya kusema kwamba watoto hao wanahitaji mifereji mizuri na matibabu, baadhi ya wataalamu wa enzi ile walisema kwamba Mzungu asilale karibu nao. Mbu haruki mbali sana, walisema, kwa hiyo pawekwe uwanja mtupu katikati. Waingereza nao walikuwa na fikra hizo hizo. Mwaka 1913 Profesa W. J. Simpson alitumwa kuichunguza hali ya afya katika miji ya Kenya, Uganda na Zanzibar, naye alipendekeza makazi ya rangi mbalimbali yatenganishwe.

Hapa Dar es Salaam uwanja huo ndio Mnazi Mmoja. Kabla ya vita Wajerumani walikwishapanga kuwahamishia Waafrika upande wa magharibi, katika shamba kubwa la mzungu mmoja aliyeitwa Schoeller, na kuacha eneo la wazi katikati. Vita vikawakuta katika kazi hiyo. Waingereza wakaikamilisha katika miaka ya 1920. Mji ukagawanywa sehemu tatu: Uzunguni, Uhindini na Uswahilini. Kwenye karatasi sheria haikutaja rangi ya mtu, ilitaja aina ya nyumba inayoruhusiwa kujengwa. Lakini nani asiyejua kwamba aina ya nyumba hufuata aina ya mfuko?

Basi hilo shamba la Schoeller ndipo ilipo Kariakoo ya leo. Kabla ya vita Wajerumani walijenga hapo jengo kubwa la soko. Waingereza walipouteka mji wa Dar es Salaam tarehe 4 Septemba 1916, soko halikuwa limeanza kazi. Wakapafanya mahali pale kuwa kambi ya wapagazi. Bandari hii na reli yake ya kati zikawa mlango mkuu wa vita. Wapagazi wapya waliingia kwa mlango huo, na waliodhoofika walirudishwa kwa mlango huo huo.

Kwa nini jeshi lilihitaji wapagazi wengi hivyo? Kwa sababu wanyama walikufa. Farasi, nyumbu na ng'ombe waliletwa kwa maelfu, na mbung'o wakawamaliza. Barabara hazikuwapo, na mvua za mwaka 1917 ziligeuza mabonde kama la Rufiji kuwa bahari. Kikabaki kichwa cha mtu na mabega yake. Kadiri jeshi lilivyosonga mbele ndivyo njia ya kulisha ilivyorefuka, na ndivyo walivyohitajika watu wa kubeba chakula cha askari, na watu wengine wa kubeba chakula cha hao wabebaji. Inakadiriwa kuwa katika vita vyote Waingereza waliwatumia Waafrika wapatao 1,000,000 katika kazi hiyo. Walitoka Tanganyika, Kenya, Uganda, Zanzibar, Nyasaland, Kongo na kwingineko. Wengi wao hawakujitolea, bali walikamatwa na kuorodheshwa.

Sasa tutazame walikufa kwa nini. Hapa nawaomba msikilize kwa makini, maana ndiyo roho ya mazungumzo yetu.

Ugonjwa wa kwanza ulikuwa kuhara damu. Huenezwa na vijidudu vinavyotoka katika choo cha mgonjwa na kuingia kinywani mwa mzima, kwa maji, kwa mikono au kwa nzi. Katika kambi yenye maelfu ya watu, vyoo vichache na maji ya dimbwi, mgonjwa mmoja anatosha. Chakula nacho kiliongeza balaa. Posho ilikuwa unga wa mahindi, mara nyingi uliosagwa vibaya. Mtu aliyetembea kutwa na mzigo kichwani alifika kambini usiku amechoka, kuni zimelowa, sufuria ni moja kwa watu wengi. Alikula unga nusu mbichi. Tumbo lililokwaruzwa na unga wa namna ile lilikuwa windo jepesi la kuhara damu. Walioteseka zaidi ni wale ambao kwao mahindi hayakuwa chakula cha kila siku, kama Waganda waliozoea ndizi.

Ugonjwa wa pili ulikuwa malaria. Tunadhani kwamba Mwafrika ana kinga ya malaria. Ana kinga kiasi, tena kwa malaria ya kwao. Mtu wa nyanda za juu zenye baridi, kule kusiko na mbu wengi, akiletwa Kilwa au Rufiji huugua kama mgeni mwingine yeyote. Na ugonjwa wa tatu ulikuwa homa ya mapafu, iliyowakumba watu waliolala chini kwenye tope, wamelowa, wana blanketi moja nyepesi au hawana kabisa.

Mkuu wa kikosi hicho, Oscar Watkins, aliwaandikia wakubwa wake mara kwa mara akilalamikia chakula, mavazi na matibabu ya watu wake. Baadhi ya mambo yalitengenezwa, lakini kwa kuchelewa.

Mfano mmoja unatosha kuonyesha ukali wa maradhi hayo. Mwishoni mwa mwaka 1916 waliletwa wapagazi wapatao 800 kutoka visiwa vya Shelisheli, ambako hapakuwa na malaria. Walikaa katika vita kwa miezi michache tu. Ilibidi warudishwe kwao, maana kiasi cha theluthi moja au zaidi walikwishakufa, na sehemu kubwa ya waliosalia walikuwa wagonjwa.

Wote waliokufa walikuwa wangapi? Kumbukumbu rasmi za Waingereza ziliandika zaidi ya wapagazi 40,000. Wanahistoria wengi wanaona hesabu hiyo ni ndogo, na kwamba ukijumlisha vikosi vyote vya upande wa Waingereza idadi inakaribia 100,000. Kwa makadirio hayo ni kama mtu mmoja katika kila kumi. Wapagazi wa upande wa Wajerumani nao walikufa kwa wingi.

Kabla watu hawajavuta pumzi likaja jingine. Kuanzia Septemba 1918 homa kali ya mafua, ile iliyoitwa homa ya Kispaniola, iliingia pwani ya Afrika Mashariki kwa meli. Ikapanda treni, ikafuata njia zile zile za jeshi. Tarehe 25 Novemba mwaka huo majeshi ya Wajerumani yalisalimu amri kule Abercorn, ambayo leo inaitwa Mbala, nchini Zambia. Askari wao Waafrika waliokuwa wamenusurika miaka minne ya risasi walipelekwa Tabora, na wengi walikufa huko kwa mafua wakiwa mahabusu. Makadirio yanayotajwa mara nyingi kwa Tanganyika nzima ni kwamba mafua hayo yaliua watu kati ya 50,000 na 80,000.

Ndugu wasikilizaji, mtaona kuwa nasema "inakadiriwa", "wanahistoria wanaona", "makadirio yanayotajwa". Sisemi hivyo kwa kupenda. Aliyekufa Uzunguni aliandikiwa jina, tarehe na ugonjwa. Aliyekufa kambini Kariakoo aliandikwa namba, kama aliandikwa. Hata vita vilipokwisha hali haikubadilika sana. Sheria ya kuandikisha vizazi na vifo ya mwaka 1920 iliwalazimu Wazungu na Waasia kuandikisha vifo vyao. Kwa Mwafrika ilikuwa hiari. Maana yake ni kwamba serikali ilitaka kujua nani amekufa Oysterbay, na haikujali sana nani amekufa Kariakoo.

Huenda mtu akauliza: marehemu amekwishakufa, kuandikwa kutamsaidia nini? Swali hilo ni zuri, na nina majibu matatu.

Jibu la kwanza ni haki ya wafiwa. Wapagazi walikuwa na mshahara. Ulikuwa mdogo, lakini ulikuwa haki yao. Vita vilipokwisha, mishahara ya maelfu ya waliokufa haikuwafikia warithi wao. Majina yalikuwa yamekosewa, vijiji havikuandikwa, orodha zilipotea. Mjane alibaki akimngoja mume pamoja na ujira wake, na hakupata hata kimoja. Leo mambo hayo hayako mbali nasi. Mzee anafariki nyumbani, tunamzika siku hiyo hiyo, na hakuna anayekumbuka kuandikisha kifo. Mwaka wa pili watoto wanataka kufungua mirathi ya kiwanja au kufuata mafao ya baba, wanaambiwa walete cheti cha kifo. Ndipo mbio zinapoanza.

Jibu la pili ni heshima. Sisi wa Bunju tukienda mjini kwa Barabara ya Bagamoyo, kiasi cha kilometa 5 kabla ya kufika katikati ya jiji tunayapita makaburi ya vita yanayotunzwa na tume ya Jumuiya ya Madola. Majani yamefyekwa, mawe yamepangwa, na majina yamechongwa vizuri. Ni jambo jema. Lakini mwaka 2021 tume hiyo yenyewe ilitoa ripoti iliyokiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na pengine hadi 350,000, waliokufa katika vita vile wakiitumikia Uingereza hawakukumbukwa kwa majina, au hawakukumbukwa kabisa. Wengi wao walikuwa wa Afrika Mashariki na Misri. Serikali ya Uingereza iliomba radhi bungeni. Ilikuwa imepita miaka zaidi ya 100.

Pale mjini tuna Sanamu ya Askari, iliyozinduliwa mwaka 1927. Ni askari mmoja na bunduki yake. Sanamu ya Nairobi ina watu watatu, na mmoja wao ni mpagazi. Kwetu, mtaa mkubwa kuliko yote wa biashara unaitwa kwa jina la kikosi cha mpagazi huyo. Naweza kusema kwamba Kariakoo nzima ndiyo sanamu yake.

Jibu la tatu ndilo kubwa kwetu sisi tulio hai. Kifo kinachoandikwa ni taarifa. Vifo vitatu vya kuhara katika mtaa mmoja kwa wiki moja vikiandikwa, daktari atajua kuna kisima kibovu. Visipoandikwa, kila nyumba italia peke yake, na kisima kitaendelea kuua. Mwezi Agosti mwaka 2015 kipindupindu kililipuka hapa Dar es Salaam, kikaanzia Kinondoni, wilaya yetu. Kikasambaa mikoani, na kufikia mwisho wa mwaka 2018 walikuwa wameugua watu zaidi ya 30,000 katika Tanzania Bara, na zaidi ya 500 wamekufa. Takwimu hizo zinauma, lakini ni kwa sababu watu walihesabiwa ndiyo maana ilijulikana wapi pa kupeleka dawa ya maji na wapi pa kufungua kambi za matibabu. Kadhalika tunakumbuka mwaka 2020, wakati wa korona, ambapo nchi yetu ilisimamisha kutoa takwimu kuanzia mwezi Mei, ikaja kuzirejesha mwaka 2021. Katika miezi ile kila mtu alibaki na hesabu ya mazishi aliyohudhuria mwenyewe. Serikali haiongozwi kwa hesabu hiyo, wala familia haijikingi kwayo.

Sasa tuje hapa kwetu. Baada ya mafuriko ya Desemba 2011, wenzetu waliokuwa wakiishi bonde la Msimbazi walihamishiwa Mabwepande, jirani na Bunju. Bonde hilo ni lile lile ambalo Wajerumani waliliona kuwa kiwanda cha mbu. Tangu hapo huku kwetu kumejengwa nyumba kwa kasi ya ajabu. Dar es Salaam ya watu 20,000 leo, kwa sensa ya mwaka 2022, ina watu zaidi ya 5,300,000, na wengi wanaokuja wanatafuta viwanja pembezoni kama huku. Tunajenga nyumba nzuri za matofali na bati la rangi. Lakini tunachimba shimo la choo, na hatua chache kutoka hapo jirani anachimba kisima. Mvua ikinyesha, maji ya shimo hufuata udongo. Kijidudu hakiulizi kama nyumba ina vigae au makuti.

Nimesikia baadhi yetu wakisema dawa ni kujitenga: tujenge ukuta mrefu, tuweke geti, tuwaache wa bondeni na matope yao. Hayo ndiyo mawazo ya Mnazi Mmoja. Yalijaribiwa na watu wenye serikali, jeshi na fedha, na hayakuyafukuza maradhi. Yaliyahamisha tu kutoka mtaa mmoja kwenda mwingine, na mbu wa Msimbazi wakaachiwa watu wa Uswahilini. 

Tufanye nini basi? Kwanza, kabla hujachimba choo, muulize jirani kisima chake kiko wapi, na kabla hujachimba kisima, tazama choo kiko upande gani wa mteremko. Pili, maji ya kunywa yachemshwe au yatiwe dawa, hata yale ya bomba wakati wa mvua. Tatu, akifa mtu nyumbani, mjumbe na serikali ya mtaa wajulishwe, kibali cha mazishi kichukuliwe, na kifo kiandikishwe ili cheti kipatikane. Isiwe kwa ajili ya wenye nyumba tu. Mpangaji, mlinzi wa usiku, msichana wa kazi, fundi aliyetoka mkoani ambaye ndugu zake hawajulikani, wote waandikwe jina kamili, umri, kijiji na alichokufa nacho. Hao ndio wapagazi wa leo, na ndio wepesi wa kusahaulika.